Kulilaza Jicho

Makali hakuwa mtu wa kutishwa na kisu. Miaka nenda, miaka rudi, alipita mitaani akisukuma gurudumu lake la kunolea, na popote alipoegesha visu vilimfuata: vya jikoni, vya buchani, mikasi ya mafundi cherehani, mapanga ya kukatia majani. Mguu wa kushoto chini, wa kulia kwenye pedeli, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, na mdomo wake haupumziki. Jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika; hata wanawe waliitwa watoto wa Makali. Basi mtu wa namna hiyo, siku daktari wa upasuaji alipotamka neno kisu mbele yake, akanywea kitandani kama nguo iliyoloa.

"Siyo kazi kubwa, mzee wangu," daktari alimwambia. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya kutangazia mpira. "Vidole hivi vitatu vya pembeni, na ukingo wa mguu kidogo. Kidole gumba tunakuachia, pamoja na jirani yake. Utatembea."

"Na kukanyaga?"

"Kukanyaga nini?"

"Pedeli, daktari. Mimi nanoa visu. Nguvu yote inatoka hapo hapo pembeni unapotaka kukata."

Daktari akakuna kichwa. Kisukari kilikuwa kimeutafuna mguu ule polepole. Ulianza kwa kufa ganzi, kikaja kidonda ambacho mzee hata hakujua amekipata wapi, na sasa vidole vitatu vya mwisho vilikuwa vimegeuka rangi. Akasema ukweli, kwamba pedeli pengine ingebidi aisahau. Makali akageukia ukutani na kutangaza kwamba hapa hakatwi mtu.

Wanawe wawili walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda. Kaka mkubwa, fundi wa malori ambaye mikono yake haitakati hata aioshe kwa sabuni gani, alitaka baba akatwe siku ile ile. Mdogo wake alikuwa mwanamke mwembamba anayefanya kazi kwenye maabara ya chuo, jengo la nyuma ya hospitali, na kazini walimwita Injinia. Baba yake yeye alimwita mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, na kwa kuwa tangu mama yao mzazi atangulie mbele ya haki, ndiye aliyekuwa akimgombeza mzee kuhusu chakula na dawa.

"Subirini kwanza," Injinia akasema. "Acheni nimpige picha."

Kamera yenyewe haikuwa na sura ya kumvutia mtu. Lilikuwa boksi la mbao nyepesi lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenzi imeng'olewa kwenye kamera ya ulinzi iliyotupwa, waya zinaning'inia kila upande. Wauguzi waliliita kabati la viatu. Lakini nyuma ya ile lenzi kulikuwa na kipande kidogo kuliko ukucha, na juu yake utando wa grafini. Grafini ni kaboni ile ile iliyo kwenye risasi ya penseli, ila imechambuliwa mpaka umebaki utando mmoja ambao huwezi tena kuupunguza unene. Juu ya utando huo hupakwa chembechembe za kunasa mwanga, hata ule ambao macho ya watu hayauoni. Mgonjwa anadungwa dawa mkononi, dawa inasafiri na damu, na chini ya taa maalumu damu hiyo inatoa mwanga wa aina hiyo. Palipofika damu, picha inang'aa. Pasipofika, ni giza. Hospitali za wenye nazo zina kamera za kazi hii, na moja tu ni bei ya nyumba. Ya Injinia mtu angeweza kuitengeneza kwa bei ya baiskeli, na ndoto yake ilikuwa kila kliniki ya miguu iwe na yake, hata ile yenye bati linalovuja.

Ilifanya kazi, tena vizuri. Daktari alikuwa ameijaribu kwa wagonjwa wengi na haikuwahi kumdanganya. Ila jicho lile la kamera lilikuwa na tabia moja mbaya: lilikuwa na kinyongo. Mwanga ukishaingia hautoki upesi. Ukipiga picha moja, kisha ukaharakisha nyingine, ya pili inabeba kivuli cha ile ya kwanza. Kwa hiyo kati ya picha na picha ilibidi ulifunike jicho kwa kitambaa cheusi, ulipige teke la umeme, halafu utulie ukitazama mstari kwenye kompyuta ukishuka na kushuka mpaka ulale chali. Maabara waliita kazi hiyo kulilaza jicho. Aliyelifungua kabla halijalala alifagia maabara wiki nzima, na aliyeiweka sheria hiyo, kwa ukali wote, alikuwa Injinia mwenyewe.

Kulikuwa na sheria ya pili, ndugu ya ile ya kwanza. Dawa haikai mwilini. Inapita na kwenda zake. Ukingoja jicho lilale, dawa imekwisha. Kwa hiyo sindano moja, mguu mmoja. Ukitaka miguu miwili, mgonjwa adungwe tena.

Siku ya picha, muuguzi alihangaika na mkono wa Makali hadi jasho likamtoka. Mishipa ya mzee ilikuwa inakimbia. Alidunga huku, akadunga kule, akabadilisha mkono, akaomba radhi, akadunga tena. Makali, aliyeanza kwa utani akimwambia muuguzi sindano yake butu aje ainoe, mwishowe hakuwa na utani tena. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Mama," akamwambia binti yake kwa sauti ya chini, "nimetobolewa kama chujio. Hii iwe ya mwisho. Niahidi."

"Ya mwisho, baba. Nakuahidi."

Ahadi ilimtoka kabla hajaipima. Lakini alihitaji miguu yote miwili, mzima na mgonjwa, ili daktari alinganishe. Sindano ilipoingia hatimaye, akaamua kubana: picha ya kwanza mguu mzima, kisha upesi upesi mguu mgonjwa, dawa ikiwa bado ipo. Kwa nini alianza na ule mzima? Baadaye alijieleza kwamba alitaka kurekebisha lenzi. Tuseme kweli: aliogopa. Alitaka kwanza kuona kitu kizuri.

Na aliona kitu kizuri. Mguu wa kushoto wa Makali, ukiwa umekaa kwenye kibao chenye kizuizi cha kisigino, uling'aa wote, na kidole gumba kiling'aa kuliko vyote. Akautoa, akauweka wa kulia mahali pale pale. Akashusha kitambaa, akapiga teke la umeme, akatazama mstari. Ulikuwa juu bado. Kwa kawaida mwenzake wa maabara, kijana mtani waliyemwita Waya, ndiye aliyekuwa akikodolea ule mstari na kupaza sauti, "Limelala!" Bila neno hilo hakuna aliyethubutu kugusa kitambaa. Siku hiyo Waya alikuwa ameenda kuchomea kebo iliyokatika. Mstari ukashuka kidogo, ukasita. Injinia akafikiria dawa inavyokwisha, akafikiria mkono wa baba yake na alama zake za damu. Akajiambia imetosha. Akafunua.

Picha ikajichora polepole. Kisigino, giza giza, maana dawa ilikuwa inakwisha. Katikati ya mguu, giza giza. Na pembeni, pale pale kwenye vidole vitatu vilivyohukumiwa, mwanga. Ulikuwa hafifu lakini ulikuwepo.

"Vinaishi!" Injinia alipiga kelele mpaka muuguzi akadondosha pamba. "Baba, vidole vinaishi!"

Makali akaangua kilio kama mtoto. Daktari akaja, akainama kwenye kompyuta, akatazama picha, akatazama mguu wenyewe, akarudi kwenye picha.

"Macho yangu yananiambia vingine," akasema. "Ila hiki kibanda chako hakijawahi kuniangusha." Akafikiri. "Haya. Tungoje kidogo. Dawa kali, kidonda kisafishwe kila siku, na mguu usiguse chini kabisa. Nasema kabisa, mzee."

Kaka mkubwa hakufurahi. Alimvuta dada yake hadi koridoni.

"Dada, mimi sikusoma hayo mambo yako. Lakini mguu ule unanuka. Kitu kikinuka kimeoza, hakihitaji picha."

"Umeona picha kwa macho yako."

"Nimeona. Pia nimenusa."

"Wewe shughulika na malori yako," Injinia akamjibu. "Hili niachie mimi."

Kaka akavaa kofia yake, akaondoka. Tangu siku hiyo salamu baina yao zikawa za kupitishiwa kwa baba.

Mzee alirudi nyumbani kwa kaka, alikokuwa akiishi, akawa gumzo la mtaa. Aliketishwa kibarazani na mguu juu ya stuli, na kila aliyepita alisimuliwa. Binti yangu ana jicho linaloona damu. Daktari kasema kata, binti yangu kasema ngoja. Alitia chumvi kila siku. Mwisho wa wiki jicho lilikuwa linaona mpaka mawazo ya mtu. Watu walicheka, wakampa hongera, wakamletea visu avitazame tu, na yeye akavipitisha kidole kwenye makali na kutikisa kichwa kwa uchu. Injinia alikuja kumwona kila alipotoka kazini. Harufu aliisikia, akaiita harufu ya dawa.

Huko maabara mambo yalinyooka. Ilikuja habari kwamba kuna wageni wanataka kuiona kamera, watu wenye uwezo wa kuitengeneza kwa wingi na kuisambaza kwenye kliniki ndogo. Injinia alikosa usingizi kwa furaha. Akaamua picha ya mguu wa baba yake iwe ndiyo picha kubwa ya ukutani. Ni mguu gani mwingine ungesimulia habari vizuri kuliko huo?

Asubuhi ya wageni alifika mapema, akaifungua picha ile kwenye kompyuta, akaanza kuikuza ili aichape. Alikuza mara moja, akakuza tena, mpaka vidole vitatu vikajaa kioo kizima. Hapo akasita.

Vidole vitatu huwa na nafasi kati yao. Hata kama vimevimba, hata kama vimebanana, kuna ufa. Pale hapakuwa na ufa. Palikuwa na donge moja nene la mwanga, lenye umbo la duara mbele, na katikati ya duara kivuli cha ukucha mmoja mpana. Alitazama kile kivuli cha ukucha. Akaifungua picha ya mguu wa kushoto, akailaza juu ya ile ya kulia. Kibao kilikuwa kile kile, kisigino mahali pale pale. Kidole gumba cha mguu mzima kilidondokea sawasawa juu ya vidole vitatu vya mguu mgonjwa, kikaingia kama kifuniko na sufuria yake.

Mwanga ule haukuwa wa mguu wa kulia hata kidogo. Lilikuwa jicho likikumbuka la kushoto.

Alikaa. Hakulia.  Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefagia maabara wiki nzima kwa kosa hili na wenzake wangemcheka mpaka machozi. Yeye alikuwa amelifanya kwenye mguu wa baba yake, kisha akapiga kelele za shangwe.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Waya, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani.

"Wageni wako getini," akasema. "Mbona umekauka hivyo? Tabasamu, bwana, leo ndiyo siku yetu."

Injinia akaifunga kompyuta. Angeweza kutoka mbio wakati ule. Hospitali ilikuwa hatua chache tu kuvuka uwanja. Lakini akili ya mtu aliyebanwa ina maneno matamu. Ilimwambia daktari yuko chumba cha upasuaji asubuhi yote, utamkuta wapi? Ilimwambia mzee ametulia, kaka hajalalamika, nusu siku haina neno. Ilimwambia ukiwaambia wageni leo kwamba jicho lilidanganya, kamera inakufa, na wagonjwa wote ambao ingewasaidia watakuwa juu yako. Maneno yote hayo yalikuwa na chembe ya ukweli, na ndiyo maana yalimshinda. Akajifuta uso, akaenda kuwapokea wageni. Picha kubwa ya ukutani akasema haijachapika vizuri.

Mchana, wageni walipokwenda kula, alijificha nyuma ya jengo na kumpigia baba yake simu.

"Mama!" Makali alijibu. Sauti ilikuwa nzito. "Wamekupenda hao wageni?"

"Wamependa, baba. Unaendeleaje?"

"Mzima. Kabaridi kidogo tu kananipitia. Wameona mguu wangu?"

Injinia alifumba macho. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, limekaa tayari. Akasikia Waya akimwita dirishani, kwamba wageni wamerudi na wana maswali.

"Umekula nini leo?" akauliza.

Baba yake akamwambia. Injinia akasema vizuri, apumzike, akakata simu.

Wageni waliondoka jioni wakiwa wameridhika kabisa, wakamshika mkono wote kwa zamu. Alipovuka uwanja kwenda hospitali, daktari alikuwa amekwisha kuondoka. Injinia akarudi kwake akiwa na faraja, na faraja ile akaionea aibu yeye mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata simu ya kaka ilimkuta akiwa njiani.

"Mguu umebadilika mpaka juu ya kifundo," kaka akasema. Hakusalimia. "Homa inamtetemesha. Nimempakia, nakuja naye. Waambie wafungue chumba."

Safari hii kila kitu kilifanywa kama inavyotakiwa. Mguu mmoja, sindano moja. Muuguzi mwingine, mwenye mkono mwepesi, aliupata mshipa mara ya kwanza. Jicho lilikuwa limefunikwa tangu jana. Waya alikaa mbele ya mstari, bila utani, akatazama mpaka akaridhika, na alipotamka "Limelala" sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye msibani. Injinia akafunua kitambaa.

Ilikuwa picha safi kuliko zote walizowahi kupiga. Haikuwa na kivuli wala ukungu. Goti liling'aa, muundi chini yake ukang'aa hadi karibu nusu, kisha mwanga ukakatika kama umekatwa kwa mkasi, na kuanzia hapo, kifundo, kisigino, unyayo, vidole vyote, ilikuwa giza tupu. Kamera ile ya bei ya baiskeli ilikuwa imeonyesha kila ilichokusudiwa kuonyesha.

Daktari alichukua kalamu, akachora mstari kwenye mguu wa Makali, chini kidogo ya goti. Sauti yake ya kutangazia mpira haikuwepo. Akamwita Injinia pembeni, karibu na sinki.

"Siielewi," akasema. "Siku ile vidole viliwaka."

"Havikuwa vidole vyake. Kilikuwa kidole gumba cha kushoto. Sikulilaza jicho."

Daktari akafungua bomba, akanawa mikono ambayo ilikuwa safi, akafunga bomba.

"Wiki ile ningekata vitatu na yangekwisha. Hata jana, pengine, ningejaribu kuokoa kisigino. Homa ilikuwa haijapanda hivi." Akajipangusa. "Na mimi nilikubali, nikaacha macho yangu. Hilo ni langu, nitalala nalo. Lakini baba yako mwambie wewe. Mimi sina mdomo huo."

Makali alikuwa amelazwa chumba kidogo cha kungojea, jirani na chumba cha upasuaji. Dripu ilikuwa imemshusha homa kiasi, macho yamerudi, uso umekuwa wa kijivu. Kaka alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani. Injinia alipoingia, mzee akainua kidole kumzuia asiseme.

"Ngoja mama. Nianze mimi, maana nikingoja sitasema. Kosa ni langu."

"Baba..."

"Nimesema ngoja. Wewe uliviona vidole, ukaniambia vinaishi. Daktari akaniambia usiguse chini. Mimi nikafanya nini? Huyu," akamwonyesha kaka kwa kidevu, "akienda gereji, mimi natoka kibarazani nakanyaga pedeli. Nilijiambia, kama vidole vinaishi, basi vifanye kazi. Nimenoa visu vya mtaa mzima. Nimeuua mguu kwa kiburi changu." Chozi lilimtiririka kuelekea sikioni na hakulifuta. "Umenihangaikia bure. Nisamehe."

 Kaka alikuwa akitazama sakafu. Yeye hakujua lolote kuhusu kidole gumba cha kushoto. Daktari asingesema. Waya alikuwa ameshuku, lakini Waya ni rafiki. Ilibaki Injinia kukaa kimya tu, kumshika baba yake mkono, kumwambia usijali, na habari ingekwisha hapo. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake, na baba yake ndiye aliyeufungua.

"Siyo pedeli, baba," akasema.

Akamweleza. Alimweleza kwa maneno mepesi, kama alivyowahi kumweleza zamani grafini ni kitu gani: kwamba jicho huchelewa kusahau, kwamba lazima lilazwe, kwamba siku ile hakulilaza. Kwamba mwanga aliouona ulikuwa wa mguu mwingine. Makali hakumkatiza, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi.

"Kwa hiyo siku ile vilikuwa vimekufa tayari," akasema mwishowe.

"Ndiyo, baba."

"Wangekata vitatu, nikabaki na mguu."

"Ndiyo."

Kaka alisimama kutoka kwenye kiti, akaenda dirishani, akawapa kisogo. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka.

"Umejua lini?" Makali akauliza.

Hilo hakulitarajia. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa msamaha. 

"Jana," akasema. "Jana asubuhi."

"Ulinipigia simu mchana."

"Ndiyo, baba."

"Ukaniuliza nimekula nini."

 Mhudumu wa hospitali alikuwa amekwisha kusukuma mlango kwa kiwiko, akitangaza kwamba chumba kiko tayari na mzee aende. Aliondoa breki za kitanda kwa mguu. Kaka akaja akashika kichwani, na Injinia akashika chuma cha ubavuni, wakaanza kumsukuma koridoni. Magurudumu yalilia kila yalipozunguka.

Mbele ya milango ya chumba cha upasuaji kitanda kilisimama kidogo. Makali aliutoa mkono wake chini ya shuka, mkono mgumu wenye alama ndogo ndogo za cheche, akaushika mkono wa binti yake. Akaubandua kwenye kile chuma, kidole kimoja kimoja, bila kumuumiza, kama mtu anavyomtoa mtoto mkono kwenye kisu.

"Kaka yako atanisubiri," akasema. "Wewe nenda kazini."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Injinia angepiga magoti pale pale. Milango ikafunguka, ikameza kitanda, ikajifunga. Kaka aliketi kwenye benchi, akaiweka kofia yake kwenye nafasi iliyobaki. Injinia alisimama kidogo akiitazama ile kofia, na kwa kuwa hakujua pengine pa kwenda, akaenda kazini.